Birmingham ya Alabama: jiji limepona au limepakwa rangi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjadala huu hauishi. Aliyelala hoteli ya katikati ya jiji, asubuhi akatembea kwenye bustani ya Railroad Park na jioni akaenda kutazama mpira, huapa kwamba Birmingham imefufuka. Anayeishi Ensley, mtaa uliopoteza kiwanda chake cha chuma, huyasikia hayo akaguna. Wote wawili wanasema walichokiona kwa macho yao. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapobishana juu ya jiji hili, na majibu yake yana tarakimu pale tarakimu zinaposaidia, pamoja na onyo pale zinapopotosha.

Kwa kifupi, limepona au halijapona?

Mfuko wa jiji umepona. Kaya nyingi bado. Halmashauri ina bajeti inayozidi dola nusu bilioni kwa mwaka, kaunti imetoka kwenye kufilisika, na majengo ya katikati yaliyokuwa makao ya njiwa sasa yanapangishwa. Wakati huohuo takriban mkazi mmoja kati ya wanne yuko chini ya mstari wa umaskini, na watu wanaendelea kuhama. Tukiulizwa "limepona?", nasi huuliza: mtaa gani? Jiji lina mitaa 99 inayotambuliwa rasmi, na inayopigwa picha za matangazo haifiki kumi.

Birmingham iliugua nini hasa?

Mji ulianzishwa mwaka 1871 mahali reli mbili zilipokutana, kwa sababu moja tu: madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, vitu vitatu vinavyohitajika kuyeyusha chuma, vilipatikana vyote ndani ya eneo dogo. Ulikua haraka mno hata ukaitwa Jiji la Maajabu. Sanamu ya Vulcan, mungu wa wafua chuma wa Warumi, iliyosubiwa kwa chuma cha hapohapo kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis ya 1904, bado imesimama juu ya Red Mountain.

Chuma kilichoujenga mji ndicho kilichouangusha. Tanuru za Sloss, zilizowashwa 1882, zilizimwa 1971 na sasa ni makumbusho. Kiwanda cha Ensley kilikufa miaka ya 1970. Tanuru la Fairfield, nje kidogo ya mpaka wa jiji, lilifungwa 2015 na zaidi ya watu 1,000 wakakosa kazi. Fairfield ilipata tanuru la umeme mwaka 2020, ila tanuru la namna hiyo hulishwa chuma chakavu na linahitaji wafanyakazi wachache sana ukilinganisha na la zamani. Kwa hiyo ukisikia "chuma kimerudi", uliza kimerudi na ajira ngapi.

Ugonjwa wa pili ni ubaguzi. Mei 1963 polisi wa Birmingham waliwaelekezea watoto Weusi mbwa na mipira ya maji ya zimamoto, na picha zake zikazunguka dunia. Viongozi wa Afrika walikuwa Addis Ababa siku hizo wakiunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda, alimwandikia Rais Kennedy barua ya wazi kulaani mambo hayo. Septemba 15 mwaka huohuo bomu likaua wasichana wanne katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Shule zilipoanza kuchanganywa, familia za Wazungu zilivuka Red Mountain kwenda Mountain Brook, Homewood, Vestavia Hills na Hoover, kila mji ukiwa na shule zake na kodi zake. Mwaka 1960 Wazungu walikuwa takriban asilimia 60 ya wakazi. Kufikia 2020 Weusi walikuwa karibu asilimia 68.

Ugonjwa wa tatu, unaosahaulika, ni mpaka. Tunaufikia hivi punde.

Je, ni kweli jiji lilifilisika?

Hapana. Kosa hili lipo hata kwenye magazeti. Iliyofilisika ni Kaunti ya Jefferson, ambayo Birmingham ni makao yake makuu. Ilifungua shauri Novemba 2011 ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 4, kufilisika kukubwa kuliko kote kwa serikali za mitaa Marekani hadi Detroit ilipoipita mwaka 2013. Kisa chenyewe kinafaa kueleweka hatua kwa hatua, maana athari zake bado zipo kwenye bili za watu.

Mvua ilipokuwa ikinyesha, mabomba makuukuu ya majitaka yalifurika, uchafu ukaishia mto Cahaba na Black Warrior. Mwaka 1996 kaunti ilikubali mbele ya mahakama ya shirikisho kuyatengeneza. Kazi ilikuwa ya lazima. Gharama ndiyo iliyokosa mwenye kuichunga: ilipanda hadi deni likazidi dola bilioni 3, huku wakandarasi wakiwahonga makamishna. Larry Langford, aliyekuwa mwenyekiti wa makamishna wa kaunti kisha meya wa jiji, alipatikana na hatia ya rushwa 2009, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Kisha ikaja akili ya mabenki. Mnamo 2002 na 2003 hatifungani za riba isiyobadilika zilibadilishwa kuwa za riba inayoyumba, zikafungwa pamoja na mikataba ya kubadilishana riba: kaunti iilipe benki kiwango kimoja kila mara, benki iilipe kaunti kiwango kinachofuata soko, na hesabu ilidhaniwa itafutana. Mwaka 2008 kampuni zilizokatia bima hatifungani hizo ziliporomoka. Riba iliyodaiwa kaunti ikaruka juu, na ile iliyolipwa na benki ikashuka. Mikataba iliyokusudiwa kuwa kinga ikageuka mtego. JPMorgan ilimalizana na mamlaka ya masoko ya mitaji mwaka 2009 kwa kulipa dola milioni 75 na kuacha kudai ada za dola milioni 647.

Msumari wa mwisho haukuhusu mabomba. Mapema 2011 mahakama kuu ya Alabama ilifuta kodi ya ajira ya kaunti, na mfuko wa kawaida ukapoteza makumi ya mamilioni kwa mwaka. Waliofungiwa mlango ni wagonjwa maskini: hospitali ya umma ya Cooper Green iliacha kulaza wagonjwa mwisho wa 2012.

Deni hilo limekwisha?

Limepungua na kupangwa upya. Kaunti ilitoka mahakamani Desemba 2013 baada ya wadai kukubali hasara na hatifungani mpya za takriban dola bilioni 1.8 kutolewa. Januari 2024 deni lilifadhiliwa tena kwa masharti nafuu, kwani kaunti imerudi kuaminika sokoni. Huo ni uponyaji halisi, tena wa heshima.

Anayeulipia ni mwenye bomba. Mpango wa 2013 uliweka nyongeza ya zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka minne ya kwanza, kisha asilimia 3.49 kila mwaka. Asilimia 3.49 husikika ndogo, lakini ikijirudia huongeza bili mara mbili kila baada ya miaka 20 hivi. Ada hii huhesabiwa kwa maji yaliyopita kwenye mita, kwa hiyo bomba linalovuja chini ya nyumba hukutoza mara mbili: maji uliyoyapoteza, na majitaka ambayo hayakufika popote.

Watu wanapungua kila sensa. Mtu anawezaje kusema jiji linapona?

Tuanze na tarakimu. Kilele kilikuwa 340,887 mwaka 1960. Sensa ya 1990 ilipata takriban 266,000, ya 2000 ikapata 242,820, ya 2010 ikapata 212,237 na ya 2020 ikapata 200,733. Makadirio ya baadaye yako chini ya 200,000. Kwa miaka 60 jiji lilipoteza watu wanne katika kila kumi.

Wanaosema linapona huonyesha kasi: kati ya 2000 na 2010 lilipoteza karibu asilimia 13, na muongo uliofuata asilimia 5.4 tu. Hoja hiyo ina uzito, ila iangalieni vizuri. Wanaoondoka sasa si Wazungu wa miaka ya 1960. Ni familia za Weusi wenye kipato cha kati, wanaotafuta shule na usalama nje ya mpaka. Wanaoingia ni vijana wa vyumba vya katikati ya jiji, mmoja mmoja au wawili wawili. Nyumba iliyokuwa na watu watano inahamwa, chumba cha mtu mmoja kinajaa. Jumla inashuka polepole, lakini madarasa yanakuwa matupu haraka.

Sasa mpaka. Kaunti ya Jefferson ina manispaa zaidi ya 30. Nashville iliungana na kaunti yake 1963, Jacksonville 1968, Louisville 2003. Birmingham ilijaribu jambo la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikagonga mwamba. Ndiyo maana mlinganisho wa "jiji kwa jiji" hauna haki: Nashville huhesabu matajiri wake ndani, Birmingham huhesabu wake nje. Mfano ulio karibu zaidi ni Mobile. Julai 2023 wakazi wa maeneo ya jirani walipiga kura kuingia ndani ya mpaka wake, watu takriban 19,000 wakaongezeka kwa siku moja, na Mobile ikaipita Birmingham. Hakuna aliyehamisha hata godoro.

Ukitaka kupima uchumi, tumia eneo zima la mji na viunga vyake, lenye watu milioni 1.1. Ukitaka kupima maisha ya wakazi, tumia jiji. Anayechanganya viwili hivyo katika sentensi moja ana jambo analouza.

Na Atlanta je? Kila mtu huitaja.

Sensa ya 1950 ilizikuta zikilingana: Atlanta 331,314, Birmingham 326,037. Leo eneo la Atlanta lina zaidi ya watu milioni 6. Atlanta iliwekeza kwenye uwanja wa ndege na biashara wakati Birmingham ilikuwa bado inategemea tanuru na wenye tanuru. Baada ya miaka 70 mlinganisho huu hauna faida tena isipokuwa kuumiza roho. Unaofaa ni Huntsville, ndani ya Alabama hiyohiyo, iliyofikisha watu 215,006 mwaka 2020 na kuwa jiji kubwa la jimbo.

Katikati ya jiji kumebadilika nini?

Mengi, na hapa wanaosifu wana haki. Railroad Park, ekari 19 kando ya reli, ilifunguliwa 2010 mahali palipokuwa magugu na maghala. Mwaka 2013 timu ya besiboli ya Barons ilirudi kutoka Hoover kwenye uwanja mpya mkabala na bustani. Ukumbi wa Lyric wa 1914 ulifunguliwa tena 2016, na duka kuu la zamani la Pizitz mwaka uliofuata likawa makazi na soko la chakula. Shipt, kampuni ya kupeleka bidhaa nyumbani iliyozaliwa hapahapa 2014, ilinunuliwa na Target 2017 kwa dola milioni 550.

Lakini hesabu pia vilivyoondoka. Birmingham ilikuwa mji wa mabenki. SouthTrust ilimezwa na Wachovia 2004, AmSouth ikaungana na Regions 2006, Compass ikanunuliwa na Wahispania wa BBVA 2007. Makao makuu yaliyobaki kati ya hayo makubwa ni ya Regions. Benki ikimezwa, matawi hubaki. Wanaoondoka ni wanasheria wake, wahasibu wake, na yule mkurugenzi aliyekuwa akichangia hospitali na majumba ya sanaa.

Kwa nini kila jibu linaishia UAB?

Kwa sababu Chuo Kikuu cha Alabama tawi la Birmingham na hospitali yake ndio mwajiri mkubwa kuliko wote, watu zaidi ya 25,000. Kilichukua nafasi ya tanuru. Mwaka 2024 kilinunua pia hospitali za St. Vincent's kwa dola milioni 450.

Tofauti na tanuru ni mbili. Kwanza, ni taasisi ya jimbo, haitozwi kodi ya majengo. Kila kiwanja inachonunua kinatoka kwenye daftari la walipakodi. Pili, ajira zake zina ngazi iliyokatika katikati: kuna daktari na mtafiti juu, msafishaji na mbeba wagonjwa chini, na katikati panahitaji cheti. Mfua chuma asiye na cheti mwaka 1955 aliweza kununua nyumba. Ndiyo maana mpango wa Birmingham Promise, unaolipia karo ya vyuo vya umma vya Alabama kwa wahitimu wa shule za jiji tangu 2020, una maana kubwa kuliko viwanja vya michezo, ingawa haupigiwi picha.

Ikiwa jiji lina fedha, mbona hazifiki mitaani?

Angalia zinakotoka. Jiji hukata asilimia 1 ya mshahara wa kila anayefanya kazi ndani ya mpaka, hata kama analala Hoover. Mwenye dola 48,000 kwa mwaka huacha 480. Ni njia ya kuwafikia waliohama, na ni tegemeo zuri hadi ofisi zinapohamia majumbani: anayefanyia kazi sebuleni kwake nje ya mpaka hadaiwi kwa siku hizo. Chanzo kingine ni kodi ya mauzo, ambayo jumla yake Birmingham ni asilimia 10. Jimbo limeshusha sehemu yake kwenye vyakula hadi asilimia 2 tangu Septemba 2025, jiji na kaunti zinaendelea na zao. Kodi ya majengo, ambayo ingegusa mali ya kudumu, ni miongoni mwa za chini kabisa Marekani.

Kisha kuna Montgomery, makao ya serikali ya jimbo. Katiba ya 1901 iliandikwa makusudi kuwanyima Weusi kura na kuzibana serikali za mitaa, na kubana huko kumebaki. Mwaka 2016 halmashauri ya Birmingham iliweka kima cha chini cha mshahara cha dola 10.10 kwa saa. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukifuta upesi kabla wafanyakazi hawajakinufaikia. Kodi ya mafuta imefungwa na katiba kwa barabara na madaraja tu tangu miaka ya 1950, hivyo mabasi hayapati. Jiji lilizindua njia ya mwendokasi ya maili 10 mwaka 2022, kutoka Five Points West hadi Woodlawn, kwa fedha za shirikisho na zake lenyewe. Na mwaka 2025 bunge lilibadili bodi ya maji, likapunguza nguvu ya jiji na kuipa majirani sauti kubwa. Watetezi wa sheria hiyo walisema bodi ilikuwa inavurunda. Wapinzani walisema jiji linanyang'anywa. Mkazi mwenye bili isiyosomeka angeweza kukubaliana na wote.

Kwa nini nyumba tupu hazibomolewi au kuuzwa tu?

Kwa sababu mara nyingi hakuna wa kuuza. Simama mbele ya moja, tuseme nyumba ya mbao ya mfanyakazi wa kiwanda. Tazama ubavuni: mita ya umeme imeng'olewa, pamebaki tundu la mviringo lenye kifuniko cha plastiki. Hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko madirisha yaliyopigiwa mbao, maana wapo wanaoishi nyuma ya mbao. Juu, paa limebonyea karibu na jikoni au choo. Huanzia pale bomba la hewa ya choo linapotoboa paa: mpira unaozunguka bomba hupasuka kwa jua, maji hufuata bomba hadi sakafuni, na misimu michache baadaye mguu unazama. Waya na mabomba ya shaba yamekwishaibwa. Kudzu, mmea utambaao ulioletwa kutoka Japani, umefika kwenye chimni.

Mwenyewe alifariki bila wosia. Warithi ni watoto watano na wajukuu, wengine Chicago, wengine Detroit, mmoja hajulikani aliko. Hakuna anayeweza kuuza peke yake, hakuna anayelipa kodi. Kodi huiva Oktoba 1 na kuhesabiwa imechelewa baada ya Desemba 31. Isipolipwa miaka na hakuna mnunuzi, mali huishia mikononi mwa jimbo.

Hapo ndipo wanunuzi wa mbali hujikwaa. Hati inayotokana na deni la kodi si sawa na hati kamili: kampuni za bima ya umiliki hukataa kuigusa hadi ufungue shauri la kusafisha umiliki, ambapo kila mrithi anayewezekana lazima atafutwe na kupewa taarifa. Benki haikopeshi bila bima hiyo. Kiwanja cha bei ya chakula cha jioni kinaweza kudai maelfu ya dola za wakili kabla hujapigilia msumari mmoja. Mamlaka ya benki ya ardhi ya jiji, iliyoundwa 2014, ipo kwa ajili hiyo: huchukua mali zilizodaiwa kodi kwa muda mrefu, huendesha shauri yenyewe, kisha huuza hati iliyo safi. Ni kazi ya polepole, na mahakama haina haraka.

Mauaji yamepungua au yameongezeka?

Yote mawili, kutegemea mwaka unaoanzia. Mwaka 2024 yalikuwa 151, yakivunja rekodi ya 148 ya mwaka 1933, wakati jiji lilikuwa na watu wengi zaidi. Kwa idadi ya sasa hicho ni kiwango cha takriban 77 kwa kila watu 100,000. Septemba ya mwaka huo watu wanne waliuawa nje ya baa moja eneo la Five Points South, mojawapo ya sehemu zilizohesabiwa kuwa salama.

Mwaka 2025 yalishuka sana. Meya Randall Woodfin, aliyechaguliwa mara ya kwanza 2017, alipata muhula wa tatu Agosti 2025 kwa kura nyingi. Kabla ya kushangilia, fanya mambo mawili. Linganisha na wastani wa miaka mitano badala ya mwaka wa rekodi, maana chochote kikilinganishwa na kilele huonekana kushuka. Na tazama miji mingine: mauaji yalikuwa yakishuka Marekani nzima, kwa hiyo sifa ya jiji ni ile sehemu iliyozidi wengine.

Viwanja na mashindano vimesaidia?

Kidogo kuliko vilivyogharimu. Michezo ya Dunia ya Julai 2022 ilileta wageni na ikaacha pengo la takriban dola milioni 14. Uwanja wa Protective, uliofunguliwa 2021, jiji linauchangia dola milioni 3 kila mwaka kwa miaka 30. Ukumbi wa wazi wa muziki wenye nafasi zaidi ya 9,000 ulifunguliwa Juni 2025 kwenye kiwanja cha hospitali ya Carraway iliyofungwa 2008, na huo una hoja nzuri zaidi, kwa sababu uko upande wa kaskazini ambako hakuna aliyekuwa akijenga. Wakati huohuo chuo cha Birmingham-Southern, kilichoanzia 1856, kilikosa mkopo wa jimbo na kufungwa Mei 31, 2024.

Nimepata kazi huko na nataka kununua nyumba. Nikague nini?

Anza na mpaka. Anwani ya posta inayosema "Birmingham" inaweza kuwa Homewood au eneo la kaunti lisilo na manispaa. Thibitisha kwenye ramani ya kaunti, kwa sababu shule, polisi na kodi vyote hufuata mpaka.

Omba bili za maji za miezi 12 za nyumba hiyohiyo. Kisha funga mabomba yote na usimame kwenye mita dakika kumi. Ikisogea, kuna uvujaji.

Ukishanunua nyumba ya kuishi, jisajili kwa mthamini wa kodi wa kaunti kabla ya Desemba 31 kwamba unaishi humo. Alabama hutoza kodi juu ya asilimia 10 ya thamani kwa mwenye kuishi, na asilimia 20 kwa nyumba ya kupangisha. Kwa kiwango cha jiji cha mil 69.5, yaani dola 69.5 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa, nyumba ya dola 120,000 ni takriban dola 834 kwa mwaka kwa anayeishi humo, kabla ya punguzo, na 1,668 kwa asiyejisajili. Wageni wengi hulipa hiyo ya pili bila kujua.

Ukiangalia kaskazini, yaani Collegeville, Fairmont au Harriman Park, uliza habari za udongo. Miaka mingi ya viwanda iliacha risasi, aseniki na masizi ya makaa kwenye viwanja, na shirika la mazingira la shirikisho, EPA, limeondoa udongo katika mamia ya nyumba chini ya mradi wa 35th Avenue. Mwaka 2017 aliyekuwa mbunge wa jimbo, Oliver Robinson, alikiri kuhongwa ili awashawishi wakazi wasikubali vipimo. Dai majibu ya kipimo cha kiwanja hicho mahsusi, maana jirani aliyesafishiwa hakusafishi wewe. Kama huna, usipande mboga ardhini. Jenga tuta la mbao, tandika kitambaa chini, jaza udongo ulionunuliwa, na watoto wavue viatu mlangoni.

Nitajuaje mwenyewe kama mtaa fulani unapanda?

Achana na mikahawa mipya. Hiyo hufuata vijana wenye mishahara na huhama nao. Chagua kipande kimoja cha mtaa chenye nyumba 20 kila upande, mbali na Railroad Park. Hesabu mita za umeme zinazozunguka na matundu yaliyozibwa. Rudi mwaka unaofuata, mwezi uleule, maana majani ya kiangazi huficha nyumba. Hesabu pia paa mpya, na kwenye rekodi za kaunti tazama wangapi wamejisajili kuwa wanaishi humo, kwa kuwa mtaa unaonunuliwa na makampuni ya kupangisha unaweza kuwa na paa mpya zote na wenyeji wachache. Uliza shule ya msingi iliyo karibu ina madarasa mangapi ya chekechea ikilinganishwa na miaka mitatu iliyopita. Sensa ya 2030 itatoa tarakimu zake, lakini ukianza kuhesabu sasa utakuwa na misimu kadhaa mkononi kabla haijafika.